Wawekezaji wa kigeni na ajira Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka steji ya Changamwe, foleni ya feri Likoni na mabaraza ya kahawa ya Mji wa Kale. Mengine nimeulizwa mara nyingi hata nikaona heri niyaandike, nisije nikajibu Jumatatu kinyume cha nilivyojibu Ijumaa. Palipo na sheria nimeitaja. Palipo na maoni yangu utayatambua tu.

## Mambo ya mwanzo

Uwekezaji wa kigeni wa moja kwa moja ni nini hasa?

Ni mtu au kampuni ya nchi nyingine kutia mali yake katika biashara ya hapa, na kuwa na usemi katika kuiendesha. Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Fedha Duniani ni asilimia 10 ya hisa zenye kura. Chini ya hapo, mtu ni mnunuzi wa hisa tu: anaweza kuziuza kwa simu kabla ya chai ya saa nne na kiwanda kisijue kama aliwahi kuwako.

Mwenye mashine Jomvu hana wepesi huo. Akitaka kuhama ana oda za kumaliza, cherehani za kung'oa na watu wa kulipa. Ndiyo maana serikali humbembeleza zaidi yeye kuliko yule wa hisa.

Kwa hivyo SGR ni uwekezaji wa Wachina?

Hapana, ingawa swali hili halifi. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilijengwa na kampuni ya China, lakini sehemu kubwa ya pesa ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mkandarasi amelipwa, deni limebaki kwetu. Mwekezaji hutia pesa yake mwenyewe na hasara ikija ni yake.

Kituo cha pili cha makontena bandarini, ambacho awamu yake ya kwanza ilifunguliwa 2016, nacho ni mkopo, wa Japani. Watu walipata kazi kote huko, sikatai. Ila usizitie kwenye hesabu hii.

Mwekezaji wa kigeni ni lazima awe Mzungu, Mhindi au Mchina?

Tazama Bamburi. Kiwanda kile kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kwa miaka mingi wenye hisa nyingi walikuwa Wazungu, wa mwisho wao Holcim ya Uswisi. Desemba 2024 kikaingia mikononi mwa Amsons, kampuni ya Tanzania. Kwa hesabu ya uwekezaji, jirani huyu anayesema Kiswahili kutushinda ni mgeni sawasawa na Mswisi.

Hapo hapo kuna jambo ambalo wengi huliruka. Kununua kiwanda kilichopo si sawa na kujenga kipya. Pesa za ununuzi ziliwaendea waliouza hisa. Hazikuongeza tanuri wala zamu hata moja siku hiyo. Kazi mpya, zikija, zitatokana na atakachokifanya mnunuzi baadaye. Ukisikia "mabilioni yameingia nchini," uliza kwanza: yamejenga, au yamebadilisha mwenye mali?

## Kazi zinazozaliwa, na zisizozaliwa

Mwekezaji akija, si lazima kazi ziongezeke?

Si lazima. Mwaka 2009 waya wa intaneti wa SEACOM ulitua Mombasa kupitia chini ya bahari, mradi wa mamia ya mamilioni ya dola. Nenda kwenye kituo cha waya kama ule uhesabu watu: mafundi wachache, walinzi, mtu wa usafi. Sasa ingia kiwanda cha nguo chenye mashine za bei nafuu kabisa, ukute laini moja tu imejaa maopareta bega kwa bega, na nyuma yake laini nyingine, na nyingine.

Ila usiudharau waya. Kijana wa Kisauni anayelipwa kwa kazi za mtandaoni anakula kwa waya huo, na hakuna takwimu ya "wafanyakazi wa SEACOM" itakayomhesabu. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa pesa haukwambii ukubwa wa ajira. Mafuta, umeme, nyaya na matangi hula pesa nyingi na kuajiri wachache. Nguo, hoteli, mboga na samaki ni kinyume chake.

Na kazi za nje ya geti, je?

Simama nje ya kiwanda cha nguo Changamwe saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Kuna bi mmoja ana beseni la mahamri, kalifunika kwa lesso kuukuu, na sufuria la mbaazi juu ya jiko la makaa. Asiye na pesa leo anakula, anaandikwa kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nilimwuliza anajuaje kama kiwanda kinakwenda vizuri. "Mwanangu, mimi natazama daftari," akanijibu. "Wakianza kunilipa nusunusu, jua ovataimu imekatwa." Miezi miwili baadaye nilisikia oda zimepungua. Yeye alikuwa ameshapunguza unga.

Bi yule, mwenye tuktuk, mwenye vyumba vya kupangisha Mikindani: hao wote wanaishi kwa mshahara wa opareta. Wachumi huziita kazi zinazotokana na matumizi ya wafanyakazi. Ni nyingi, lakini ni dhaifu, maana zinatikisika kabla ya kiwanda chenyewe kutikisika.

Kazi ambazo zingekuwa imara zaidi ni za wanaokiuzia kiwanda malighafi, na hapo ndipo Mombasa inapojikwaa. Kitambaa kingi kinachoshonwa katika viwanda vyetu vya kuuza nje huja kwenye kontena kutoka Asia. Kinashushwa Kilindini, kinashonwa, kinarudi Kilindini. Mkulima wa pamba wa Lamu hagusi popote katika safari hiyo. Kiwanda kinachonunua vitufe, uzi na maboksi hapa hapa huniridhisha kuliko chenye geti kubwa, hata kama kimeajiri watu wachache kidogo.

Mbona hutangazwa kazi maelfu, tukaja kuona mamia?

Mara nyingi hakuna aliyedanganya waziwazi. Hesabu tu ndiyo imenyooshwa. Kazi za ujenzi huhesabiwa pamoja na za kudumu, ilhali mjengo ukiisha mwashi na kuli wake wanarudi nyumbani. Kazi za nje ya geti (tazama swali lililotangulia) huongezwa kwa kukisia. Na mahali ambapo watu huacha kazi kila wiki, kiwanda kinaweza kuajiri watu elfu mbili kwa mwaka na siku yoyote ile ukiingia ukakuta mia nane.

Kwenye baraza la chifu uliza hivi: ujenzi ukiisha, siku ya kawaida, watu wangapi watapiga kadi getini? Wengi wetu tumeshaona jinsi swali hilo linavyofupisha hotuba.

Mwekezaji anaweza kuua kazi zilizokuwepo?

Anaweza. Supamaketi kubwa yenye mtaji wa nje ikifunguliwa, inaajiri makashia na wapanga bidhaa, na maduka ya mtaa yanapoteza wateja. Kiwanda kipya kinaweza kumchukua fundi mzuri wa mwenye karakana ndogo kwa sababu kinamwongezea kidogo. Fundi amefaidika, karakana imelala. Hesabu ya haki hutoa zilizokufa kutoka kwa zilizozaliwa.

Mfano mkali tulioushuhudia haukuwa uwekezaji wa kigeni kwa maana yake halisi (tazama swali la SGR), lakini funzo ni lile lile. Serikali ilipoamuru makontena ya bara yapande reli, madereva wa malori, mawakala wa forodha na yadi za makontena za Mombasa walijikuta bila kazi, na vibanda vya Mariakani na Mtito Andei vikakosa wateja. Watu waliandamana mjini mwaka 2019. Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Kwa miaka ile, tani ziliendelea kupita bandarini kama kawaida huku kazi zimehama.

## Mshahara, mkataba na geti

Kampuni za kigeni hulipa vizuri kuliko za wenyeji?

Kwa jumla, utafiti wa nchi nyingi huonyesha kuwa hulipa zaidi kidogo, hasa kwa wenye ujuzi, kwa sababu huwa kubwa na hutumia mashine nyingi. Lakini "kwa jumla" haikai Changamwe. Opareta wa cherehani hulipwa karibu na kima cha chini cha sheria, na ziada inatokana na ovataimu na kufikisha tageti. Mhandisi au mhasibu katika kampuni hiyo hiyo anaweza kupata mara nyingi ya hapo. Pengo la ndani ya geti ni kubwa kuliko pengo la kati ya mgeni na mwenyeji.

Nimekuwa kibarua miezi minane, nalipwa kwa siku. Bado ni kibarua?

Yawezekana sheria inakuona vingine. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unaweza kuhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Ukishafika hapo unastahili notisi na haki nyingine.

Ujanja unaojulikana ni kukupumzisha wiki moja, kisha kukuita tena kwa karatasi mpya. Weka kila karatasi. Piga picha kadi ya zamu. Hifadhi ujumbe wa malipo kwenye simu. Ofisi ya leba, na ikibidi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, huuliza ushahidi kabla ya kuuliza machungu.

Ni kweli EPZ hairuhusiwi chama cha wafanyakazi?

Si kweli. EPZ ni maeneo ya viwanda vya kuuza nje yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1990. Sheria ile ilitoa nafuu ya kodi, haikutoa ruhusa ya kuikwepa Katiba. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na geti la EPZ halimo katika vighairi. Anayekwambia "huku ni EPZ" kana kwamba ni nchi nyingine anakutisha.

Mbona supavaiza na mameneja wengi ni wageni?

Mgeni wa kuajiriwa anahitaji kibali cha kazi, kwa kawaida cha daraja la D, na mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba ujuzi huo haukupatikana hapa. Anatarajiwa pia awe na Mkenya anayejifunza chini yake ili aje ashike nafasi hiyo.

Hiyo ni karatasi. Kwenye laini hali huchanganyika. Wapo wageni waliokuja na ujuzi tusiokuwa nao wakaufundisha. Nawajua Wakenya walioanza kukata nyuzi na leo wanapanga ratiba ya kiwanda kizima. Na wapo "wanafunzi" ambao jina lao liko kwenye fomu tu. Kwa maoni yangu, hili ndilo la kubishania kuliko hata mshahara wa kuanzia, maana ujuzi ukishaingia kichwani haurudi na kontena. Utaona faida yake kwenye maswali ya kuondoka, chini.

## Kodi, faida na ardhi

Kwa nini wasamehewe kodi miaka kumi na mimi mwenye kibanda nalipia leseni?

Kampuni ya EPZ hupewa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, kisha asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Kampuni ya kawaida hutozwa 30. Maeneo maalumu ya kiuchumi, yaliyoletwa na sheria ya 2015, yana asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na 15 kwa kumi ya pili. Wafanyakazi wao hukatwa kodi ya mshahara kama wengine.

Hoja ya serikali ni kwamba bila nafuu wangeenda nchi nyingine, na asilimia 30 ya sifuri ni sifuri. Ina ukweli kwa kiwanda cha nguo, ambacho kinaweza kukaa Mombasa au Hawassa ya Ethiopia au Dhaka ya Bangladesh. Haina ukweli kwa anayefuata kitu kisichohamishika, kama bahari, madini au bandari. Huyo angekuja tu. Mwenye kibanda analalamika kwa haki, ila amlalamikie aliyetoa nafuu bila kuchagua wa kumpa.

Faida yote si hupelekwa kwao?

Wana haki hiyo. Sheria ya kulinda uwekezaji wa kigeni, ya 1964, humhakikishia mwenye cheti kutoa faida na mtaji wake baada ya kodi. Kinachobaki hapa ni mishahara, kodi wanazolipa, wanachonunua kwetu, na faida wanayoamua kuirudisha kwenye biashara. Ndiyo maana suala la vitufe na maboksi (tazama kazi za nje ya geti) si dogo.

Mgeni anaweza kumiliki ardhi ya pwani milele?

Hapana. Kifungu cha 65 cha Katiba kinampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99.

## Wanapoondoka

Hivi huondoka kweli, au ni vitisho tu?

Huondoka. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilikuwa cha pekee nchini tangu miaka ya 1960. Mwaka 2009 kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa, na mpango ulikuwa kukiboresha. Hesabu za uboreshaji hazikukubali, Septemba 2013 kikaacha kusafisha, na Essar ikatangaza kutoka. Matangi yamebaki kuhifadhi mafuta yaliyosafishwa kwingine. Aliyekuwa fundi wa mitambo ya kusafisha alibaki na ujuzi usio na mwajiri wa pili Kenya nzima. Ujuzi wa namna hiyo ndio wa hatari. Wa cherehani, wa kulehemu na wa forklifti hubebeka.

Kwale je? Mgodi ulikuwa na faida, mbona ulifungwa?

Kwa sababu mchanga uliisha. Base Titanium, ya wawekezaji wa Australia, ilianza kutoa madini ya titani mwishoni mwa 2013, ikiyasafirisha kupitia Likoni, na ikaacha kuchimba Desemba 2024. Hakuna aliyemfukuza mwekezaji. Mgodi huzaliwa na tarehe ya kufa, na tarehe ile ilikuwa ikisemwa miaka kadhaa kabla.

Kwa hiyo swali la mgodi halikuwa "utafungwa?" bali "tutakuwa tumefanya nini kabla?" Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Kijiji kilichogeuza sehemu yake kuwa visima na karo za chuo cha ufundi kimebaki na kitu. Kilichongoja mgodi uendelee kuajiri kimebaki na shimo lililopandwa miti.

AGOA inahusianaje na kazi ya dada yangu?

Ni sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu nguo za nchi kadhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru. Ndiyo iliyoleta wengi wa wenye viwanda vya nguo Mombasa. Mwaka 2015 iliongezwa miaka kumi, hadi Septemba 2025. Mnunuzi wa New York huweka oda miezi mingi mbele, kwa hivyo tarehe ya ukomo inapokaribia, oda hupungua kabla hata ya siku yenyewe. Pigo kama hilo tulilipata Januari 2005, mgao wa dunia wa nguo, uliowekea kila nchi kiasi cha kuuza, ulipofutwa na China ikafunguliwa mlango: viwanda vya Kenya vilipoteza kazi nyingi.

Dada yako anafanya kazi yake vizuri na bado kazi yake inaamuliwa Washington. Hilo halimaanishi aiache. Linamaanisha asichukue mkopo wa miaka mitano akiamini mshahara huo ni wa miaka mitano.

Kiwanda kikifungwa nadai nini?

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira: notisi ya maandishi ya angalau mwezi mmoja kwa chama chako na afisa wa leba (kama huna chama, basi kwako mwenyewe na afisa wa leba), likizo ulizobakiza zilipwe, na kiinua mgongo cha si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia. Ukikuta geti limefungwa kwa kufuli na hakuna notisi, nenda ofisi ya leba wiki hiyo hiyo, kabla mashine hazijapakiwa.

## Maswali ya pembeni

Dongo Kundu itatuajiri sisi watu wa Likoni?

Eneo maalumu la Dongo Kundu, takriban ekari 3,000, linajengwa kwa msaada mkubwa wa Japani, na barabara ya Dongo Kundu imeshaunganisha upande ule na Miritini bila kungoja feri. Barabara hiyo ina pande mbili: inamleta mwekezaji, na inamleta pia mtafuta kazi kutoka bara yote. Kazi za mwanzo zitakuwa za mjengo. Za baadaye zitataka vyeti vya ulehemu, umeme, kompyuta za ghala. Kijana wa Mtongwe anayengoja "kazi za wenyeji" zitangazwe atakuta zimeshachukuliwa na mwenye cheti.

Binamu yangu yuko Dubai na ana pasipoti ya Kenya. Akifungua kampuni Mombasa, ni uwekezaji wa kigeni?

Kwa wanatakwimu, ndiyo, akifikisha zile asilimia 10, maana wao huangalia mtu anaishi wapi, si pasipoti. Kwa sheria ya ardhi na ya kuhimiza uwekezaji, yeye ni raia: hafungwi na miaka 99, wala na kiwango cha chini cha mtaji cha dola 100,000 ambacho sheria ya 2004 ilimwekea mgeni. Pesa anazomtumia mama yake za matumizi ni jambo jingine kabisa.

Kuna mtu anadai elfu tano aniingize kiwandani. Nimpe?

Usimpe. Wakala wa ajira lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili huo unaweza kuulizwa. Viwanda vingi vya nguo huchukua watu getini, bure: unafika alfajiri na kitambulisho, anatoka mtu anasema "maopareta kumi wa kola," na anayejua kushona kola anapewa kipande cha kitambaa ajaribiwe. Kipande hicho hakina mjomba.

Mwaka jana kijana mmoja alinionyesha barua ya kuajiriwa aliyoinunua Mikindani. Ilikuwa na muhuri, sahihi na tarehe ya kuripoti: Jumapili, saa mbili asubuhi. Alikwenda. Alimkuta mlinzi peke yake, anakunywa chai, naye akamwambia, "Kaka, wewe ni wa nne leo."